Macho mbele ya sindano

Mwezi wa saba hapa Mbeya mikono haifanyi kazi mpaka uipashe moto. Nafika kibandani kwangu Mwanjelwa saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umeufunika mlima Loleza, nawasha mkaa wa pasi kabla hata sijafunua cherehani. Mkaa ukishashika, naweka viganja juu ya pasi, nageuza huku na huku kama mtu anayechoma mahindi, mpaka vidole vianze kuitika. Halafu natoa mchemraba wa Rubik, ule wa rangi sita unaouzungusha mpaka kila upande uwe rangi moja, kwenye droo ya cherehani, unapokaa pamoja na bobini na sindano, naupanga mara kumi kabla mteja wa kwanza hajafika.

Wastani wangu wa wiki hii ni sekunde 21. Mara ya kwanza nilipoumaliza bila kuangalia daftari nilitumia dakika 3 na sekunde 42, na siku ile nilitoka nje nikamwonyesha mama muuza vitenge wa jirani kama mtu aliyeshinda kesi mahakamani. Vijana wa shule wanaokuja kuchukua sare wakiona zile sekunde kwenye simu huniuliza swali moja tu: "Shangazi, huo umeununua wapi?" Wanadhani jibu lote liko dukani. Robo ya jibu iko dukani kweli, na nitaieleza vizuri kwa sababu nimeilipia kwa makosa. Lakini msiniache njiani kabla sijafika kwenye robo tatu zilizobaki.

Mchemraba wa kwanza haukuwa wangu. Mtoto wa kaka yangu alikuja likizo kutoka Tukuyu mwaka 2022, wakati huo yuko kidato cha pili, akausahau mezani chini ya rundo la vitambaa vya sare. Ulikuwa wa kupangwa chini sokoni, wa shilingi elfu nne, wenye stika, mgumu kama kufuli lililonyeshewa. Nilipompigia kumwambia nitampa dereva wa Coaster amletee, akasema, "Shangazi, kaa nao kwanza. Jaribu." Akaanza kunitajia hatua kwa simu, na mimi naandika kwenye daftari la vipimo, katikati ya kifua 96 na kiuno 78 cha mteja: kulia panda, juu kushoto, kulia shuka, juu kulia. Nilihangaika siku 11. Baadaye nilisoma kwamba Ernő Rubik mwenyewe, mwalimu wa usanifu wa Budapest aliyeutengeneza mwaka 1974, ilimchukua zaidi ya mwezi kuurudisha, na yeye hakuwa na mpwa wa kumpigia simu.

Jambo la kwanza lililonifungua macho ni kwamba vile vipande sita vya katikati havihami. Nyeupe itatazamana na njano daima, bluu na kijani, nyekundu na chungwa. Kwa hiyo hupangi rangi, unapanga vipande: kona 8 zenye rangi tatu tatu, na vipande vya ukingoni 12 vyenye rangi mbili mbili. Kila kipande kina nyumba moja tu. Mtu anayepanga "upande mweupe" bila kuangalia rangi za ubavuni ni kama fundi anayeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Kitambaa kitafika, nguo haitavalika.

Sasa makosa yangu. Mchemraba ule ulikuwa mzito, na mimi mtu wa cherehani nikafanya ninachofanya chuma kikiwa kizito: nikautia mafuta ya cherehani. Siku mbili za mwanzo ulikimbia kama maji. Wiki ya tatu plastiki ikaanza kunata, vumbi la vitambaa likashika humo ndani likawa uji mweusi, na mwisho kona moja ikapasuka mguu wake. Mafuta ya cherehani yametokana na mafuta ghafi ya ardhini, na baadhi ya plastiki hazipatani nayo. Mchemraba unataka mafuta ya silikoni, matone mawili tu, unaingiza ndani, unauzungusha dakika kadhaa mpaka yasambae. Ukizidisha unakuwa mzito tena, kama uji ulioongezwa unga.

Kabla haujapasuka nilijaribu kuuokoa. Niliuvunja wote, nikaosha vipande kwa sabuni ya unga, nikaanika juani kwenye sinia, nikavirudisha jioni hiyo hiyo harakaharaka kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na nilikuwa na tochi ya simu tu. Kuanzia hapo kila nikifika mwisho inabaki kona moja imepinda, vyote vingine viko nyumbani. Siku mbili nzima nilidhani nimesahau fomula, ule mfuatano wa mizunguko wa kukariri. Nilirudia daftari mstari kwa mstari, nikalala na hasira. Mtoto wa kaka ndiye aliyenieleza: ukiurudisha vipande ovyo, una nafasi moja kati ya 12 ya kupata mchemraba unaopangika. Kona zinaweza kukaa kwa mikao mitatu, kingo kwa miwili, na mpangilio wa jumla wa vipande kwa namna mbili. Zidisha, unapata 12, na ni moja tu kati ya hizo unayoweza kuimaliza kwa kuzungusha. Ukiufungua, urudishe ukiwa tayari umepangwa, kila rangi mahali pake. Nimelieleza hili kwa watoto wanne tayari waliokuja na michemraba "iliyorogwa". Wote walikuwa wameuangusha au wameufungua.

Mwaka uliofuata nilimpa shemeji anayefuata mizigo Kariakoo elfu thelathini na tano, nauli ya kifurushi ndani yake, aniletee wenye sumaku. Alileta MoYu RS3M. Siku nilipoupokea stendi ya Nanenane niliufungulia pale pale kwenye benchi, nikauzungusha upande mmoja, nikasikia ule mguso mdogo wa sumaku ukiuweka upande mahali pake. Nilisema "ndaga" peke yangu kwa sauti, kama namshukuru mtu. Kwa nini sumaku? Kwa sababu mkono ukienda mbio haufiki sawasawa. Unazidisha kidogo au unapunguza kidogo, na upande unaofuata unagoma. Sumaku ndogo ndani ya kona na kingo zinavutana na kuusimamisha upande pale unapotakiwa kusimama. Zile za elfu nne hazina kitu hicho, kila kosa dogo la kidole unalilipia.

Nilifanya jaribio ambalo ningependa kila anayefikiria kununua alifanye. Nilipofika wastani wa sekunde 28 kwa ule wenye sumaku, niliazima wa sokoni kwa mtoto wa jirani, mpya, nikaupanga mara tano. Wastani: sekunde 41. Macho ni yale yale, fomula ni zile zile. Sekunde 13 zimeliwa na ugumu peke yake. Kwa hiyo usimwambie mtoto anayehangaika na mchemraba mgumu kwamba kifaa si kitu. Ni kitu. Lakini niliazima pia wa bei kubwa sana, wa kampuni ya GAN, wa mwanafunzi mmoja wa chuo, nikakaa nao Jumapili nzima: wastani ukapungua kwa nusu sekunde, na hiyo nusu sekunde naipata au naipoteza kulingana na nilivyolala. Kati ya elfu nne na elfu thelathini na tano kuna shimo. Kati ya elfu thelathini na tano na zile za laki kuna mstari wa chaki tu. Hela iliyobaki nilinunua uzi.

Vitu vichache vya kuangalia, kama unanunua sasa. Uwe na rangi za plastiki yenyewe, si stika. Stika zinabanduka kwa jasho, na kwenye michemraba ya rahisi nyekundu na chungwa zinafanana kabisa chini ya taa ya sola. Uwe wa karibu milimita 56 kwa upande. Na uwe na skrubu zinazofikika, kwa sababu hapo ndipo unaufanya wako. Chini ya vifuniko vya vipande vya katikati kuna skrubu sita, kila moja na springi yake. Zungusha robo, zote sita kwa kiasi kile kile, jaribu, zungusha robo nyingine. Ukikaza mno utakwama kila kona. Ukilegeza mno kona zitajipinda zenyewe au kipande kitaruka chini ya meza. Ni sawa na kiskrubu cha kukazia uzi kwenye cherehani: hakuna namba sahihi, kuna mshono unaoutazama na kuamua. Mimi wangu nimeulegeza kuliko wanavyopenda wengi, kwa sababu ya baridi. Asubuhi za Juni na Julai unakuwa mzito kuliko mchana.

Na wa fundi cherehani una adui wake wa pekee, nyuzi. Kila baada ya wiki nne naufungua, natoa vinyweleo vya kitambaa kwa mswaki wa zamani mkavu. Utashangaa sare moja ya sufu inaweza kuacha nini ndani ya mchemraba.

Hiyo ndiyo robo. Sasa hizo tatu.

Karibu kila mtu anaanza kwa kupanga tabaka kwa tabaka, na njia hiyo itakufikisha kwenye dakika moja, ukijitahidi chini kidogo. Baada ya hapo wengi tunahamia kwenye njia iliyoenezwa na Jessica Fridrich, mpangaji wa Kicheki: msalaba kwanza, yaani kingo nne za upande mmoja, halafu jozi nne za kona na ukingo zinazoingia kwa pamoja, halafu kugeuza uso wa juu uwe rangi moja, halafu kuvihamisha vipande vya juu kila kimoja nyumbani. Hatua ya kugeuza ina hali 57, ya kuhamisha ina 21. Hapo ndipo watu wanapokata tamaa au wanapojiumiza, wanabeba fomula 78 kichwani kama madaftari ya mtihani.

Mimi nilianza na kifupi chake: hatua ya kugeuza unaigawa mara mbili, ya kuhamisha mara mbili, na unahitaji fomula 16 tu kwa jumla, 10 na 6. Nilijifunza kwanza herufi sita wanazotumia watu wote duniani, R ya kulia, L kushoto, U juu, D chini, F mbele, B nyuma, na alama ndogo juu ya herufi ikimaanisha kinyume cha mshale wa saa. Lugha yangu ya "kulia panda" niliiacha kwa huzuni kidogo, lakini bila herufi hizo huwezi kusoma alichoandika mwenzako. Kisha nikachukua zile 21, moja kwa wiki. Nilikuwa naandika fomula ya wiki kwa chaki kwenye ubao wa kukatia. Kuna moja ya mizunguko 14 nilijifunza wiki ya sare za mahafali, na mpaka leo nikiipiga nanusa kitambaa kipya cha bluu.

Zile 57 bado sijazimaliza. Nina 31. Na naamini kabisa, nikiwa na daftari langu la ushahidi, kwamba si hizo zinazomfanya mtu awe na kasi kwa kiwango changu. Nilikaa miezi minne kwenye sekunde 34. Kila wiki naongeza fomula, kila wiki 34. Nilizungusha vidole kwa nguvu zaidi mpaka kiungo cha kidole gumba kikaanza kuuma nikishika mkasi, na hapo nikaogopa, maana mkasi ndio chakula changu.

Siku moja nikaegemeza simu kwenye boksi la vifungo, nikajirekodi nikipanga, kisha nikaitazama video ile polepole na kalamu mkononi. Niliandika kila mahali mikono yangu iliposimama. Msalaba umekwisha, nimesimama sekunde mbili natafuta jozi. Jozi ya kwanza imeingia, nimesimama, naugeuza mchemraba mzima kutafuta nyuma. Jumla: kati ya sekunde 34, mikono ilikuwa imetulia sekunde 13. Nikaenda mbali zaidi, nikahesabu mizunguko: kama 60. Sitini kwa sekunde 21 zilizobaki ni karibu mizunguko mitatu kwa sekunde. Hata mtoto wa darasa la tano anazungusha mitatu kwa sekunde. Vidole vyangu havikuwa na kosa lolote, nilikuwa nawaadhibu wasio na hatia.

Nikamkumbuka fundi aliyenifundisha kushona, marehemu sasa, mzee aliyekuwa na kibanda karibu na Soko Matola. Mwanafunzi mpya akikanyaga pedali kwa nguvu, mshono ukaenda mbio shubiri moja kisha ukasimama, mbio shubiri moja ukasimama, alikuwa anaweka kidole chake kwenye kitambaa, mbele ya sindano, mbali kama upana wa kiganja. "Tazama hapa, mwanangu. Sindano inajua kazi yake. Macho mbele ya sindano." Ukitazama sindano unaona kilichokwisha kushonwa, huwezi kujua kona inakuja. Ukitazama mbele, mguu hauna sababu ya kusimama, na suruali inakwisha mapema ingawa pedali inakwenda taratibu.

Niliketi na mchemraba nikiwa karibu na machozi, kwa sababu nilikuwa nimejua jambo hili miaka 15 na sikulijua.

Kuanzia hapo mazoezi yangu yalibadilika. Naupanga kwa mwendo wa polepole makusudi, mzunguko mmoja au zaidi kidogo kwa sekunde, kwa sharti moja: nisisimame. Jozi ninayoiingiza vidole vinaijua, siitazami. Macho yanatafuta jozi inayofuata. Nikisimama, naanza upya. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso, muda wangu ulipanda mpaka sekunde 50 na mtoto wa kaka akanitumia ujumbe kuuliza kama naumwa. Wiki ya tatu nilipima bila kujibana: 29. Baada ya miezi miwili: 25. Mikono yangu leo haina kasi zaidi kuliko siku ile ya video. Nimeondoa kusimama, basi.

Msalaba nao una siri ya namna hiyo. Kwenye mashindano unapewa sekunde 15 za kuutazama kabla saa haijaanza kwenda. Msalaba wowote unaweza kukamilika kwa mizunguko isiyozidi 8, kwa hiyo inawezekana kuupanga wote kichwani kwanza. Mimi nafumba macho kabisa baada ya kuutazama, naufanya msalaba gizani, nafumbua kuhakiki. Mwanzo nilipata mmoja kati ya kumi. Sasa napata saba. Na naufanya ukiwa chini, upande mweupe ukitazama meza, ili nikimaliza jozi ziwe tayari mbele ya macho yangu bila kugeuza chochote.

Kuhusu kupima: pima mara tano, toa ya haraka kuliko zote na ya polepole kuliko zote, tafuta wastani wa tatu zilizobaki. Ndivyo wanavyofanya kwenye mashindano ya World Cube Association. Rekodi yangu ya mara moja ni sekunde 14.87, lakini siku hiyo hatua ya mwisho ilijikuta imeshapangika yenyewe, jambo linalotokea mara moja kati ya 72. Nimeiandika daftarini kwa penseli. Zile za kalamu ni wastani.

Mwaka 1982, kwenye mashindano ya kwanza ya dunia pale Budapest, Minh Thai wa Marekani alishinda kwa sekunde 22.95. Nilipopita namba hiyo kwa wastani nilikaa kimya muda mrefu. Najua alikuwa na mchemraba mgumu kama ule wa elfu nne na hakuwa na mtu aliyemwandikia hizo fomula zote, ndiyo maana namheshimu zaidi, si pungufu. Mwaka 2023 Max Park, Mmarekani pia, alitumia sekunde 3.13. Nimetazama mikono yake mara nyingi. Kinachonishangaza si mbio. Ni kwamba haisimami.

Tatizo langu la sasa ni jozi ya nne. Ikiwa nyuma kushoto siioni, naugeuza mchemraba, na hapo sekunde nzima inakwenda. Wiki hii najifunza kuiingiza nyuma bila kugeuza, kwa mkono wa kushoto ambao miaka yote kazi yake imekuwa kushikilia kitambaa tu. Unagoma, unachelewa, jana uliangusha mchemraba kwenye makaa ya pasi na nikauokoa na kona moja nyeupe iliyoyeyuka kidogo. Mtoto wa kaka anakuja mwezi wa kumi na mbili. Yuko kwenye sekunde 17. Nimemwambia aniletee ndizi za Tukuyu na aje na wake mwenyewe, kwa sababu wangu una alama ya moto na sitaki kuuazimisha tena.